Shajara ya boti: kuifuata petroli kutoka mdomo wa tangi mpaka kabureta

Jumamosi, wiki ya kwanza

Kusi imekaza, nje huko mawimbi hayafai na boti yetu ni ya futi 23 tu, kwa hivyo mimi na ami tumekubaliana tuipandishe juu hapa Tudor, Mombasa, tumengoja bamvua maji yajae kabisa tukaivuta, na haishuki tena mpaka nijue ile harufu inatoka wapi. Harufu ya petroli. Tangu tuinunue miaka mitatu iliyopita, ukifungua kile kifuniko cha sakafu cha nyuma inakupiga puani, na kila fundi nikimuuliza jibu ni lile lile, ah, boti ya petroli lazima inuke petroli. Nami nikazoea. Na hapo ndipo penye hatari manake pua inazoea kweli, ukikaa nayo dakika chache husikii tena kitu, unadhani imeondoka kumbe iko pale pale.

Kilichonitoa usingizini ni safari ya mwezi uliopita. Tumetoka kuvua, tunarudi, mashini imeenda vizuri kama dakika ishirini hivi alafu ikaanza kufifia yenyewe, ukiongeza moto haitaki, ikazima. Mkondo unatusukuma kuelekea mwambani. Ikabidi tutie nanga haraka. Nikaishika ile pampu ya mpira ya kubinya kwa mkono, nikaikuta imenywea, imebonyea kama chupa ya maji mtu akiinyonya. Binamu yangu akafungua kifuniko cha tangi aangalie kama mafuta yapo, tukasikia hewa inaingia kwa nguvu, fyuuu, na kubinya mara nne tano tu mashini ikawaka kama haijafanya kitu. Tukafika nyumbani. Lakini usiku huo sikulala vizuri, nilikuwa nafikiria lile tangi lililo chini ya miguu ya watu, lita 120, na betri ipo futi tatu kutoka hapo.

Jumapili

Leo sijashika spana. Nimekaa na kipande cha boksi na kalamu nikachora njia yote ya petroli, na nashauri mtu yeyote aanze hivyo kabla hajafungua kitu. Petroli inaingia kwenye mdomo wa sitaha, inateremka kwa mpira mnene mpaka kwenye tangi. Juu ya tangi kuna mpira mwembamba wa pumzi unaotokea ubavuni, kazi yake ni kuingiza hewa petroli ikipungua na kutoa hewa unapojaza. Alafu kuna bomba la kunyonyea linaloshuka mpaka karibu na sakafu ya tangi, linapotokea juu kuna valvu ndogo ya kuzuia petroli isijimwage yenyewe mpira ukikatika, kutoka hapo mpira unaenda kwenye filta ya kutenganisha maji, kisha ile pampu ya mkono, kisha mashini yenyewe: filta ndogo, pampu ya mafuta, na kabureta tatu. Mashini ni ya nje, ya kufungwa nyuma ya boti, hospawa 40, stroki nne.

Ile pampu ya mkono ndiyo inayokusemea ugonjwa uko upande gani. Ikinywea, kuna kitu kimeziba nyuma yake, upande wa tangi. Ikiwa laini haiwi ngumu hata ubinye mpaka mkono uchoke, kuna hewa inaingia mahali au valvu zake za ndani zimekufa. Ikiwa ngumu na mashini bado haipati mafuta, basi kizuizi kiko mbele, upande wa mashini. Na ina mshale, mshale unaelekea kwenye mashini, na ukibinya ishike wima upande wa mshale ukiwa juu. Yetu ilinywea, na tulipofungua kifuniko ikapona. Kwa hivyo kabla sijafika site najua nitaanzia wapi, ni pumzi.

Jumamosi, wiki ya pili

Kwanza betri. Nimefungua vifuniko vyote vya sakafu, nimeacha upepo upite zaidi ya nusu saa, ndipo nikatoa waya hasi kisha chanya na betri nzima nikaishusha chini mbali na boti. Huu mpangilio sio wa kubadilisha. Ukianza na betri kabla ya kutoa hewa unaweza kupata cheche pale pale penye mvuke.

Mvuke wenyewe nimeusoma sana hizi siku na kila nikisoma naheshimu zaidi. Petroli haihitaji joto lolote, inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na hapa Mombasa tuko 30 juu. Dizeli mpaka uipashe kupita nyuzi 50. Alafu mvuke wa petroli ni mzito, mara tatu mpaka nne ya hewa, kwa hivyo haupandi ukaenda zake, unashuka, unatiririka kama maji mpaka ngamani, kule chini kabisa ya boti chini ya sakafu, na kukaa hapo, huko huko ambako pampu ya kutoa maji na swichi yake ziko. Na hauhitaji mwingi, kwenye hewa ukifika kama asilimia moja na nusu tu tayari unaweza kulipuka. Kikombe kimoja kilichomwagika ndani ya ngama iliyofungwa sio kitu cha kufuta kwa kitambaa ukaendelea na safari.

Basi nikaenda kwenye tundu la pumzi ubavuni. Kile kichuma kina wavu mdogo, nikakifungua kwa bisibisi, nyuma yake nimekuta udongo. Udongo mkavu umepakwa vizuri, mviringo, na ndani vijumba vya nyigu, vitatu vimepangwa, kimoja bado kina buibui waliokauka ambao nyigu aliwawekea watoto wake. Nilikaa nikauangalia muda mrefu. Huyu mdudu alikuwa karibu atuweke juu ya mwamba sisi watu wanne. Na udongo wenyewe haukuziba kabisa, umeacha upenyo mwembamba, ndiyo sababu mashini ilikuwa inaenda dakika ishirini kwanza kabla tangi halijaanza kuvutana nayo.

Na hapo mambo mengine yakaanza kujipanga kichwani. Tukijaza mafuta siku zote yalikuwa yanarudi juu na kuturukia, tukisema mwenye bomba anajaza kwa pupa. Kumbe hewa haina pa kutokea. Na boti ikikaa juani tangi linapata presha, mvuke hauwezi kutoka kwenye pumzi, unatafuta ufa wowote mwingine. Swali sasa ni ufa uko wapi.

Jumapili

Nimetoa petroli iliyobaki, kama lita 30, kwa pampu ya mkono ya kuvutia mafuta, ndani ya makopo ya chuma yaliyokaa chini ardhini, sio juu ya boti wala nyuma ya pikapu yenye plastiki. Usivute kwa mdomo, kuna watu nawajua walimeza wakalazwa. Na pampu ya umeme ya maji usithubutu.

Ya mwisho mwisho ya chini kabisa nimeikinga kwenye chupa ya jemu ya kioo nikaiacha itulie kwenye jiwe. Baada ya robo saa unaona mstari umechorwa kama kwa rula, juu petroli ya rangi ya majani chai mepesi, chini maji upana wa vidole viwili na tope la kahawia linaelea katikati. Maji hayo yameingia wapi? Oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, ya kifuniko cha sitaha imekauka, imekatika mahali pawili, kila tukiosha boti na kila wimbi likipanda tumekuwa tukijaza tangi maji. Oringi mpya bei yake haifiki hata ya soda mbili.

Vijana wawili wameniomba hio petroli chafu ya kuoshea vyuma, nimekataa, na kumwaga pale mikokoni pia sikubali hata mtu aniite mjuaji, kaa na kamba wetu wanakulia mle. Nimeiacha itulie siku nzima, ya juu nikaichuja, ami ataitumia kidogo kidogo kwenye mashini ya kukata nyasi, ya chini nimempa jamaa wa gereji anayekusanya oili chafu.

Wiki ya tatu

Tangi. Hapa ndipo nilipokuwa na hofu kubwa manake ni la alumini na pale lilipokalia vipande vya sponji vilivyoloa maji chumvi kumeota unga mweupe. Ukiukwangua unaona vishimo. Fundi wa kuchomelea aliyekuja kuangalia akasema hio ni kazi ya saa moja, atapiga weldi pale pale, tangi si tupu? Nikamwambia fundi, haiwezekani, na sio kwa ubishi. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, lililojaa halina hewa ndani, tupu limejaa mvuke na hewa vimechanganyika, na petroli inabaki kwenye pembe na maungio hata baada ya wiki. Kuna watu wamekufa duniani kote kwa weldi ya namna hio. Tangi la petroli lipelekwe kwa mtu mwenye utaratibu wa kulisafisha mvuke kabisa au linunuliwe jingine.

Kwa hivyo tukalitoa nje, tukalisafisha kwa maji na sabuni mara kadhaa, tukaliacha wazi kwenye upepo siku tatu. Ndipo tukafanya jaribio la presha. Kiwango wanachotumia Marekani kwenye sheria yao ya boti za petroli ni psi 3, na ni kidogo sana hio, tairi la baiskeli ni zaidi ya mara kumi. Kwa hivyo hakuna kompresa. Nimetumia pampu ya mguu, geji ndogo, na ami anapaka povu la sabuni kwa brashi ya rangi, kila ungio, kila kona, kila kishimo cha ule unga mweupe. Tumekaa nusu saa tunaangalia mapovu. Hakuna lililokua. Sindano haikushuka. Nilifurahi kiasi ambacho mke wangu alidhani tumeshinda kitu.

Nimelipiga msasa pale penye unga, rangi ya kuzuia kutu ya alumini, na litakaa juu ya vipande vya plastiki ngumu visivyonyonya maji, vimegandishwa kwenye tangi ili maji yasipenye katikati, na hewa ipite chini yake. Sponji imeenda jaani.

Sasa kama tangi ni zima, harufu ni ya mpira.

Jumatano jioni

Nimeupata. Mpira mnene wa kujazia, kwa juu unaonekana safi kabisa, mweusi, hauna neno. Nilifanya lile jaribio la kitambaa: chukua kitambaa kikavu cheupe, kipitishe kuzunguka mpira wote, alafu nusa kitambaa, usinuse mpira. Kitambaa kilipopita upande wa chini wa kona, pale unapogusa mbao, kilitoka na doa la manjano. Nikautoa, nikaukunja kwa mikono miwili, na ule upande wa chini ukafunguka mipasuko kama tope la ufukweni maji yakishapwa na jua likapiga. Ndani ulikuwa unanata vidoleni.

Ndiyo maana harufu ilikuwa kali siku ya kujaza na siku inayofuata. Kila tukijaza, petroli inapita pale, kidogo inadondoka ngamani, na kwa vile pumzi ilikuwa imeziba petroli inasimama ndani ya mpira muda mrefu kabla haijashuka. Nyigu na mpira mkuukuu vimefanya kazi pamoja. Miaka mitatu tumekuwa tukiambiwa ni kawaida.

Mpira mpya nimeuagiza kupitia binamu aliye Dubai manake nilioonyeshwa hapa mjini ulikuwa wa gari, na muuzaji aliapa ni sawa tu. Sio sawa. Mpira wa petroli wa boti umeandikwa ubavuni, tafuta maandishi SAE J1527 na aina yake. Herufi A ni kwamba umejaribiwa ndani ya moto na kustahimili dakika mbili na nusu, B haukupitia moto. Namba 1 ni wa kukaa na petroli ndani muda wote, 2 ni wa mahali petroli inapopita tu kama kujazia na pumzi. Nimechukua A1 kwa njia ya mashini na A2 kwa kujazia na pumzi. Dakika mbili na nusu inaonekana ndogo, lakini ndio muda wa kuvaa jaketi la kujiokolea na kumshika mtoto mkono.

Wiki ya nne

Tumerudisha kila kitu na hapa nitapita haraka. Klampu za stenles, mbili mbili kila mwisho wa mpira wa kujazia, zimekazwa vizuri bila kuukata mpira. Mpira wa pumzi nimeupandisha juu kwa mkunjo kabla ya kutokea ubavuni ili maji ya bahari yasirudi, zamani ulikuwa umelala na kufanya bonde ambalo petroli ilikuwa inakaa na kuziba hewa. Wavu mpya kwenye tundu, na nitauangalia kila mwezi. Filta ya maikroni 10, pampu ya mkono mpya.

Ile valvu ya juu ya tangi nikaikuta tupu, kuna mtu kabla yetu alitoa kigololi na springi yake, nadhani alikuwa anatafuta ule ugonjwa wa kuzima akaona hicho ndicho kizuizi. Hapa ndipo nilipoumia zaidi. Bila hio valvu, mpira ukichomoka karibu na mashini na tangi likawa juu zaidi, petroli inajimwaga yenyewe mpaka iishe. Nimeweka mpya.

Umeme umenichukua siku mbili. Waya za pampu ya ngama zilikuwa zimesokotwa na kufungwa tepu, chini kabisa pale pale mvuke unapokaa, na swichi ya kuelea ni ya kawaida. Nimebadilisha vyote kwa vile vilivyotengenezwa visitoe cheche nje, maungio nimeyapandisha juu, betri imehamia upande wa pili ndani ya boksi. Tumeongeza na feni ya kutoa hewa, bomba lake linashuka mpaka karibu na chini ya ngama, juu kidogo ya maji yanapofika, manake ukiliweka juu unatoa hewa safi na kuacha mvuke. Kwa boti za mashini ya ndani Wamarekani wanasema dakika 4 feni iende kabla ya kuwasha. Yetu mashini iko nje lakini tangi liko chini ya sakafu, tutafuata dakika 4 hizo hizo.

Kitu kimoja kidogo ambacho sikukijua: kile kichuma cha mdomo wa kujazia lazima kiunganishwe kwa waya na tangi na ardhi ya umeme ya boti, sababu mpira ulio katikati haupitishi umeme na petroli inayopita inazalisha umemetuli. Nikapima kwa mita, hakuna mawasiliano kabisa, waya ulikuwa umeoza umebaki kijani kitupu. Baada ya kuweka mpya nimesoma omu 0.4, na sheria ile ya Marekani inataka chini ya 100.

Kabureta nimezifungua juu ya meza nyumbani, sio kwenye boti. Jeti, vile vitundu vidogo vya kupitishia petroli, mbili kati ya tatu zilikuwa na gundi ya petroli iliyokauka, ile ya kung'aa kama asali. Kuanzia sasa boti ikilala zaidi ya wiki mbili, skrubu za chini za kabureta zinafunguliwa petroli itoke kwenye kibakuli chake, inakingwa, haimwagwi. Nimenusa na oili kwenye kijiti chake pia, ngozi ya pampu ya mafuta ikipasuka petroli inaingia kwenye oili, yetu iko sawa.

Alhamisi, kikao cha ami

Ami amewaita wote wanaopanda boti tukakaa barazani, na kahawa, tukaelewana namna ya kujaza. Watu wote washuke. Simu, sigara, na lile jiko la makaa la kupikia chai, mbali, na kusema kweli jiko nimeomba lisirudi kabisa ndani ya boti, chai itakuja na chupa ya moto. Vifuniko vya ngama vifungwe wakati wa kujaza mvuke usiteremke, vifunguliwe baada ya hapo. Mdomo wa bomba uguse chuma cha kujazia muda wote. Tunasimamisha kwenye lita 114, hatujazi mpaka juu, sababu petroli ikitoka kwenye tangi la chini la petroli stesheni ikaja kukaa chini ya sakafu yenye joto inavimba, lita 100 zikipata nyuzi 15 zaidi zinaongezeka karibu lita moja na nusu, na hio inatafuta pa kwenda. Na ile mitungi ya njano ya mafuta ya kupikia tuliyokuwa tunabebea petroli ya akiba, mwisho. Tumenunua galoni moja lililotengenezwa kubebea petroli hasa, na linajazwa likiwa chini ardhini.

Mmoja wa mabaharia, mtu mzima, akauliza kwa nini tujisumbue na sisi tumefanya hivi miaka yote. Ami hakumjibu kwa maneno, akaenda ndani akaleta ule mpira mkuukuu, akampa aukunje.

Jumamosi, wiki ya tano

Tumeshuka na maji ya asubuhi. Nimefungua kifuniko, nimepiga magoti nikanusa chini kabisa, feni dakika 4, nikanusa tena. Mtungi wa zimamoto wa poda uko karibu na usukani, sio kule nyuma karibu na tangi kama zamani. Mashini ikashika mara ya kwanza.

Tukapita chini ya daraja la Nyali polepole, Bandari ya Kale na Fort Jesus mkono wa kulia, tukatokea nje kidogo tu, kusi bado ipo. Nikaipa mashini moto wote dakika thelathini na tano nikiwa nimemwambia binamu asiondoe mkono kwenye pampu. Haikunywea. Theluthi ya mafuta ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi haiguswi, tukageuza ilipofika.

Tuliporudi ami akafungua kifuniko mwenyewe, akainamisha kichwa mpaka ndani, akakaa huko muda. Akatoka akasema pananuka chumvi na dagaa. Imebaki nibadilishe filta baada ya masaa kumi ya kwanza nione imekusanya nini, na tarehe ya mipira nimeiandika kwa maka nyeupe kwenye tangi lenyewe.